Nyongo Inapozaa Jiwe

Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo usiku na mchana, kati ya nusu lita na lita moja kila siku. Zaidi ya asilimia 95 ya nyongo hiyo ni maji. Yakiondolewa maji, theluthi mbili hivi ya kinachobaki ni chumvi za nyongo, ambazo ini huziunda kwa kuibadili kolesteroli. Sehemu moja ya tano ni fosfolipidi, yaani mafuta ya jamii ya lesithini, ile inayopatikana pia kwenye kiini cha yai. Kolesteroli yenyewe, ambayo wengine huiita lehemu, haifiki hata sehemu moja ya kumi. Zipo protini kidogo, na mwisho kabisa bilirubini, chini ya asilimia moja, ingawa ndiyo inayoipa nyongo rangi yake ya manjano yenye ukijani.

Vitu viwili kati ya hivyo ndivyo vinavyozaa mawe, navyo ni vile vilivyo haba: kolesteroli na bilirubini. Barani Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako mtu mzima mmoja kati ya kumi au zaidi ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, mengi mno ni ya kolesteroli. Kusini mwa Sahara mawe ni machache zaidi kwa jumla, na yale ya bilirubini yana uzito wa pekee kwa sababu itakayoelezwa mbele. Kwa bahati, watu wengi wenye mawe, takriban wanane kati ya kumi, hawasikii chochote. Maumivu huja pale jiwe linapokwama kwenye mlango wa mfuko au kwenye mrija: maumivu makali ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, mara nyingi saa chache baada ya mlo, yanayoweza kupanda hadi begani. Jiwe likiziba mrija mkuu, macho huwa ya manjano na mkojo hukoza rangi, na kongosho nalo linaweza kuvimba.

Kati ya mlo na mlo, nyongo haiendi moja kwa moja utumboni. Kilango kilicho mwisho wa mrija hufungwa, nayo hurudi nyuma na kuingia kwenye mfuko ulio chini ya ini, wenye nafasi ya mililita 30 hadi 50 tu. Mfuko mdogo hivyo humudu kazi ya saa nyingi za ini kwa kuwa kuta zake hufyonza maji na kuiacha nyongo ikiwa imekolea mara tano, hata mara kumi. Mchinjaji anayeubandua mfuko wa nyongo wa mbuzi taratibu kutoka kwenye ini, asije akaupasua na kuharibu nyama, anashughulika na nyongo iliyokolezwa namna hii. Chakula chenye mafuta kikifika mwanzo wa utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Mfuko hujikamua, kilango hulegea, na nyongo humiminika kwenye chakula.

Chumvi za nyongo hazipotei baada ya kazi hiyo. Mwili mzima una gramu mbili hadi nne tu za chumvi hizi, kiasi kisichotosha mlo mmoja mzito. Zikifika mwisho wa utumbo mwembamba, asilimia 95 hufyonzwa na kurudishwa kwenye ini kwa njia ya damu, kisha hutumwa tena. Mzunguko huo hutokea mara kadhaa kwa siku. Nusu gramu hivi hupotea kwenye choo, na ini hutengeneza nyingine kufidia. Mpangilio huu wa kubana matumizi hufanya kazi vizuri mradi mzunguko haukatiki.

Kolesteroli nayo ina shida yake. Mwili hauwezi kuichoma ikawa nguvu kama unavyoichoma sukari. Ina njia mbili tu kubwa za kutoka: igeuzwe kuwa chumvi za nyongo, au imwagwe kwenye nyongo jinsi ilivyo. Takriban gramu moja humwagwa kila siku kwa njia hii ya pili, na hapo ndipo mgogoro unapoanzia, kwa kuwa kolesteroli haiyeyuki kwenye maji hata kidogo.

Suluhisho la mwili linafanana na la mtu anayeosha sufuria yenye mafuta. Molekuli ya chumvi ya nyongo, kama ya sabuni, ina upande unaopenda maji na upande unaoyakwepa. Zikiwa nyingi vya kutosha, molekuli hizo hujikusanya katika vifungu vidogo mno viitwavyo miseli, pande zinazokwepa maji zikiwa ndani, na kolesteroli hufichwa humo. Lesithini ikijiunga, miseli hutanuka na kubeba kolesteroli zaidi kuliko ambavyo chumvi za nyongo zingebeba peke yake. Pia kolesteroli na lesithini huweza kusafiri pamoja katika vipovu vyenye ukuta mwembamba wa mafuta. Vipovu hivi hubeba mzigo mkubwa kuliko miseli lakini si imara.

Kwa hiyo swali linalohusu jiwe si nyongo ina kolesteroli kiasi gani. Swali ni kolesteroli ni kiasi gani ikilinganishwa na wabebaji wake wawili. Mwaka 1968 watafiti wa Kimarekani William Admirand na Donald Small walilipima jambo hili. Walichora pembetatu ambayo kila upande wake ulisimamia kimoja kati ya vitu vitatu, chumvi za nyongo, lesithini na kolesteroli, kisha wakaweka humo nyongo za watu mbalimbali. Ndani ya pembetatu kuna eneo dogo ambamo kolesteroli yote hubaki imeyeyuka. Nje ya eneo hilo, nyongo imebeba kuliko uwezo wake. Tangu hapo madaktari wana kipimo cha ujazo wa kolesteroli: kikizidi moja, nyongo imeshiba kupita kiasi.

Pembetatu hiyo inaonyesha wazi kwamba uwiano unaweza kuharibika kwa njia tatu tofauti. Kolesteroli inaweza kuongezeka, chumvi za nyongo zinaweza kupungua, au lesithini ikapungua.

Kuongezeka kwa kolesteroli ndiyo njia ya kawaida zaidi. Unene hulifanya ini litengeneze na kumwaga kolesteroli nyingi. Homoni ya estrojeni hufanya vivyo hivyo, ndiyo sababu wanawake walio katika umri wa kuzaa hupata mawe mara mbili au zaidi ya wanaume. Kupungua kwa chumvi za nyongo huonekana kwa mtu aliyekatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, au ambaye sehemu hiyo imeharibiwa na ugonjwa: chumvi hazirudi tena kwenye ini kwa kiasi cha kawaida. Upungufu wa lesithini ni wa nadra. Hutokea pale jeni iitwayo ABCB4, inayoelekeza ujenzi wa pampu ya kuisukuma lesithini kwenye nyongo, inapokuwa na kasoro, na wenye kasoro hiyo huanza kupata mawe wakiwa vijana, wembamba kwa wanene. Kolesteroli ina pampu yake pia, inayojengwa na jeni za ABCG5 na ABCG8. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza wagonjwa wa Ujerumani na Chile walionyesha kwamba badiliko dogo kwenye ABCG8 huongeza uwezekano wa kupata mawe. Linahusishwa na kasi kubwa zaidi ya kuitoa kolesteroli kwenye ini.

Jamii mbili zilizochunguzwa miaka ya karibu 1970 zinaonyesha jinsi uwiano huu unavyoweza kutofautiana kati ya watu na watu. Ya kwanza ni Wapima wa Arizona, wenyeji wa asili wa Marekani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1970 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wanawake wao waliopita umri wa miaka 30 walikuwa na ugonjwa wa mfuko wa nyongo. Miaka miwili baadaye, Scott Grundy na wenzake walipima nyongo za wanawake wa asili wa Marekani wenye mawe, wakagundua kasoro mbili kwa pamoja: ini lilimwaga kolesteroli nyingi, na wakati huohuo lilitoa chumvi chache za nyongo. Mzigo ulikuwa umeongezeka huku wabebaji wakipungua.

Ya pili ni Wamaasai. Mwaka 1971 kundi la watafiti wa Kimarekani likiongozwa na Kurt Biss lilichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Wamaasai waliochunguzwa walipata takriban theluthi mbili ya nguvu zao kutokana na mafuta, hasa ya maziwa na nyama. Kwa hesabu ya haraka, mtu angetarajia damu iliyojaa kolesteroli na mifuko ya nyongo iliyojaa mawe. Lakini damu yao ilikuwa na kolesteroli kidogo, na mawe ya kolesteroli yalikuwa nadra sana. Nyongo yao ndiyo iliyotoa jibu: ukilinganisha na kolesteroli, lesithini na chumvi za nyongo zilikuwa nyingi. Kolesteroli ya chakula ilipoongezeka, miili yao ilipunguza kuitengeneza yenyewe. Wanaojadili chakula na mawe ya nyongo kana kwamba kila yai lililoliwa linaongeza punje ya mchanga tumboni wangefanya vyema kuukumbuka utafiti huu. Chakula huchangia, hasa kinaponenepesha, lakini ini ndilo linaloamua kitakachoingia kwenye nyongo.

Hata hivyo, pembetatu ya Admirand na Small haikumaliza mambo. Wapimaji waliofuata waligundua kwamba watu wengi wasio na mawe wana nyongo iliyoshiba kupita kiasi vilevile, hasa asubuhi baada ya usiku bila kula. Basi kwa nini hawapati mawe? Mwaka 1979 Holan na wenzake walichukua nyongo, wakachuja fuwele zote zilizokuwamo, wakaiacha na kuhesabu siku hadi fuwele mpya zilipoonekana kwa hadubini. Nyongo za wenye mawe zilitoa fuwele baada ya siku 3 hivi. Zile za watu wengine, hata zilipokuwa zimeshiba kwa kiwango kilekile, zilichukua takriban siku 15. Nyongo isiyotua mfukoni siku 15 haipati nafasi ya kutoa jiwe.

Tofauti hiyo hutokana na vitu vidogo vinavyoharakisha au kuchelewesha kuganda. Kinachoharakisha zaidi ni ute unaotolewa na ukuta wa mfuko wenyewe, uitwao musini. Nyongo iliyojaa kolesteroli hulikera tabaka la ndani la mfuko, nalo hujibu kwa kumwaga ute mwingi. Vipovu vya kolesteroli vilivyopoteza uimara hushikamana na kuungana ndani ya ute huo, na humo fuwele za kwanza hujitokeza. Chini ya hadubini huonekana kama vibamba bapa, vyembamba, vyenye pembe nne, na mara nyingi pembe moja ina pengo dogo. Chembe za kalsiamu na bilirubini hunaswa pia. Mchanganyiko huo mzito huitwa tope la nyongo, na altrasaundi hulionyesha likiwa limetulia chini ya mfuko na kuhama polepole mgonjwa anapogeuka ubavu.

Tope si lazima liwe jiwe. Mfuko unaojikamua vizuri baada ya kila mlo hulisukuma nje kabla halijashikana, na hapa ndipo mwendo wa mfuko unapokuwa na nguvu sawa na kemia. Homoni ya projesteroni, inayoongezeka sana wakati wa ujauzito, hulegeza misuli ya mfuko, huku estrojeni ikiongeza kolesteroli. Mama mjamzito hukutwa na mambo yote mawili kwa pamoja, ingawa tope linaloonekana miezi ya mwisho mara nyingi hutoweka lenyewe baada ya kujifungua. Mgonjwa anayelishwa kwa mshipa kwa wiki kadhaa hana chakula utumboni cha kuuamsha mfuko. Mwenye kupungua uzito kwa haraka, zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, huyeyusha mafuta ya mwilini ambayo kolesteroli yake huishia kwenye nyongo, na kwa kuwa anakula kidogo, mfuko wake haujikamui. Ndiyo sababu mawe huwapata wengi waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo.

Kukaa muda mrefu bila kula kuna athari nyingine iliyofichika zaidi. Mfuko usipojikamua, chumvi nyingi za nyongo hulala ndani yake, hazizunguki. Ini linapokea chumvi chache, hivyo linatoa chache, lakini kasi ya kumwaga kolesteroli haishuki kwa kiwango hichohicho. Nyongo inayotengenezwa usiku wa manane huwa imeelemewa kuliko ya mchana.

Fuwele zikishashikana, jiwe hukua kwa milimita mbili tatu hivi kwa mwaka. Jiwe la kolesteroli likikatwa katikati huonyesha historia yake: kiini cheusi cha ute na bilirubini, kisha mistari ya fuwele inayotawanyika kutoka kwenye kiini hadi ukingoni, na duara za rangi tofauti zinazofuatana. Likiwa tupu la kolesteroli huwa jeupe linaloelekea unjano, jepesi kiasi cha kuelea majini nyakati nyingine, na eksirei hailioni. Kolesteroli yenyewe iliingia kwenye vitabu vya sayansi kutokana na mawe haya: Mfaransa Poulletier de la Salle aliitoa humo katika karne ya 18, muda mrefu kabla yeyote hajaipima kwenye damu.

Mawe ya bilirubini yana asili nyingine kabisa. Bilirubini hutokana na himoglobini ya seli nyekundu za damu zilizochakaa. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ini huipokea bilirubini, huiunganisha na aina ya asidi inayoifanya iyeyuke majini, kisha huitoa kwenye nyongo. Sehemu ndogo tu hubaki bila kuunganishwa, na hiyo ndiyo yenye hatari, kwa kuwa ikikutana na kalsiamu hugeuka chumvi isiyoyeyuka.

Kwa mwenye selimundu, seli nyekundu huishi wiki mbili tatu badala ya miezi minne. Bilirubini inayofika kwenye ini ni nyingi mara dufu na zaidi, na ile isiyounganishwa huongezeka nayo. Mawe yanayotokea huwa meusi ti, yenye kung'aa, madogo, mengi kwa idadi, na hupondeka yakibanwa kwa nguvu. Huanza utotoni, nayo huongezeka kadiri mtoto anavyokua. Katika Tanzania, Uganda, magharibi mwa Kenya na Kongo, ambako selimundu ni ugonjwa wa familia nyingi, kijana mwembamba asiyekula mafuta anaweza kuwa na mfuko uliojaa mawe, na ushauri wa kupunguza mafuta haumgusi. Tatizo jingine ni kwamba macho ya manjano ni jambo la kawaida kwake, kwa hiyo mrija ulioziba unaweza kuchukuliwa kuwa kuvunjika kwa damu kama siku zote. Mawe meusi huwapata pia wenye ini lililosinyaa kwa makovu.

Yapo pia mawe ya kahawia, yanayojulikana zaidi Asia ya Mashariki. Haya hayangoji mfuko. Huzaliwa ndani ya mirija yenyewe, pale nyongo inapokwama na bakteria kuingia. Mwaka 1966 Mjapani Maki alieleza jinsi bakteria wa aina ya Escherichia coli wanavyotoa kimeng'enya kinachoitengua bilirubini kutoka kwenye asidi iliyounganishwa nayo, nayo hurudia hali ya kutoyeyuka na kunasa kalsiamu. Vimeng'enya vingine vya bakteria huvunja lesithini na kuacha mafuta yanayoganda na kalsiamu vilevile. Jiwe la namna hii ni laini, lina matabaka, na husagika kati ya vidole. Yai au kipande cha mnyoo, askarisi au minyoo bapa ya ini, mara nyingine hukutwa katikati yake.

Dawa moja maarufu hospitalini inastahili kutajwa hapa. Seftriaksoni, sindano inayochomwa kila siku katika wodi za Afrika Mashariki, hutolewa kwa sehemu kubwa kupitia nyongo, na humo huungana na kalsiamu. Altrasaundi ya mtoto aliyepewa dozi kubwa inaweza kuonyesha kitu kisichotofautishwa na mawe. Dawa ikisimamishwa, huyeyuka chenyewe ndani ya siku au wiki kadhaa, na upasuaji wa haraka kwa ajili ya picha hiyo huwa si wa lazima.

Kwa kuwa jiwe la kolesteroli hutokana na uwiano, iliwezekana kulirudisha nyuma kwa kuubadili uwiano huo. Mwaka 1972 madaktari wa Kliniki ya Mayo, Marekani, waliwapa wagonjwa asidi ya kenodeoksikoliki, mojawapo ya chumvi za nyongo za kawaida, na baadhi ya mawe yaliyeyuka. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na asidi ya ursodeoksikoliki, iliyo nyingi katika nyongo ya dubu na ambayo mwili huivumilia vizuri zaidi. Vidonge hivi hufaa kwa mawe madogo ya kolesteroli yasiyo na kalsiamu, kwenye mfuko unaojikamua, na huhitaji miezi sita hadi miaka miwili. Mawe meusi na ya kahawia hayaguswi nayo. Na dawa ikiachwa, karibu nusu ya waliopona hupata mawe mapya ndani ya miaka mitano, kwani ini limerudia mchanganyiko wake wa zamani.

Kinyume chake ni tiba inayosambazwa kwenye simu ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau "kusafisha nyongo", ambayo asubuhi yake mtu huona vidonge laini vya kijani chooni na kuamini mawe yametoka. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand walivipima vidonge vya namna hiyo na kueleza matokeo katika jarida la The Lancet. Havikuwa na kolesteroli wala bilirubini. Vilikuwa sabuni, iliyojiunda tumboni kutokana na mafuta na limau vilivyonywewa.

Kwa mwenye maumivu yanayojirudia, tiba ya kudumu imebaki kuwa kuutoa mfuko, upasuaji uliofanywa mara ya kwanza na Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882 na ambao leo hufanyika kwa matundu madogo na kamera. Mfuko ukiondoka, ini linaendelea kutoa nyongo ileile, pengine iliyoshiba kolesteroli vilevile, lakini haina tena mahali pa kulala na kukolea; hutiririka kidogokidogo hadi utumboni, na watu wengi humeng'enya chakula bila taabu. Mawe ya kolesteroli mara chache hujiunda tena. Ya kahawia huweza kurudi, kwa kuwa mirija yanamozaliwa bado ipo.